Mechnikov, mgunduzi wa seli zinazomeza viini

MWAKA 1873, katika kisiwa cha Madeira, mwanazuolojia kijana aitwaye Ilya Mechnikov alifiwa na mkewe, Ludmila. Siku ya harusi yao, miaka minne awali, bibi harusi alibebwa kwa kiti hadi kanisani, kwani kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumdhoofisha. Baada ya msiba huo, mgane huyo alijaribu kujitoa uhai, akanusurika.

Mechnikov alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Alioa tena, akafundisha chuoni Odessa, kisha akajiuzulu na kuhamia Messina, Italia, mwaka 1882. Siku moja jamaa zake walipokwenda kutazama sarakasi, alibaki na hadubini yake akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pwani, ambavyo miili yao hupenya mwanga. Alividunga kwa miiba ya mwaridi. Kulipokucha, alikuta seli zinazotembea zimeizingira ile miiba pande zote.

Hapo ndipo alipotambua kwamba mwili una askari wake. Wataalamu wengi wa enzi hiyo waliamini kuwa chembechembe nyeupe za damu husambaza viini mwilini. Yeye alishikilia kwamba huvimeza na kuviua. Alibezwa kwa miaka mingi. Louis Pasteur alimkaribisha Paris mwaka 1888, na mwaka huohuo Mechnikov akaandika kuhusu seli kubwa zinazoonekana katika vinundu vya kifua kikuu. Wapinzani wake waliziona kama seli zinazokufa, ilhali yeye alisema ni seli hai zilizo vitani. Bila shaka alikuwa na deni la moyoni na ugonjwa huo.

Mwaka 1899 daktari wa Norway, Caesar Boeck, aliyezaliwa mwaka mmoja na Mechnikov, alieleza vinundu vya ngozi alivyovifananisha na uvimbe wa sakoma. Ndio ugonjwa tunaouita sakoidosisi. Humo seli za kinga aina ya T huziita zile seli-walaji za Mechnikov, nazo hujikusanya katika vinundu mapafuni, kwenye tezi za limfu, machoni na kwingineko, ingawa adui anayezingirwa hajathibitishwa hadi leo. Mara nyingi vinundu huyeyuka vyenyewe. Vikikaidi huacha makovu mapafuni, na tiba huwa ni kuwatuliza askari haohao. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama yetu, ni rahisi maradhi haya mawili kuchanganywa.

Mwaka 1908 Mechnikov alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyetetea nguvu ya kinga iliyomo katika majimaji ya damu. Wote wawili walikuwa sahihi. Uzeeni alisifu maziwa ya mgando kuwa hurefusha maisha.

Aliaga dunia Paris mnamo Julai 15, 1916, na majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.