Robert Koch na Hadubini Yake

Leo tumkumbuke Robert Koch, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1843. Alipokuwa daktari katika mji mdogo wa Wollstein hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kazi, akaweka hadubini. Humo, mwaka 1876, alikithibitisha kijidudu cha kimeta. Mwaka 1882 akatangaza kile cha kifua kikuu. Mwaka 1897 alikuja Dar es Salaam kuchunguza malaria. Lakini katika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, dawa aliyowapa wagonjwa wa malale iliwapofusha baadhi yao. Alifariki mwaka 1910.

Sisi wa Mbuji tujifunze mawili: mwenye kikohozi kisichokoma apeleke makohozi yakapimwe, naye anayetibu, akitazama kijidudu, asimsahau mgonjwa.