Mama Kimpa Vita na muji uliokufa

Tumekwisha kusimulia sana maisha ya manabii wanaume, na wamama wetu hapa Mitwaba walituuliza, tena waliuliza kwa haki: na wanawake je, Mungu hakuwaita? Leo tunawajibu. Tunasimulia maisha ya mwanamuke mumoja wa Kongo ya zamani, ambaye wafalme na mapadri walimwogopa pamoja. Jina lake la kuzaliwa ni Kimpa Vita. Jina lake la ubatizo ni Beatriz.

Sisi watu wa Katanga hatushangai kusikia kwamba mwanamuke ameongoza inchi. Waluunda wanasimulia habari za Ruwej, aliyepewa kikomo cha ufalme na baba yake, huku wandugu zake wanaume wakinyimwa kwa sababu walimuzarau muzee. Kisha Ruwej aliolewa na Cibinda Ilunga, mwindaji wa Kiluba, na ukoo wa wafalme wa Musumba unatoka pale. Lakini Ruwej alipokea ufalme kutoka kwa baba. Kimpa Vita hakupokea kitu kwa mutu. Hakuwa na kiti, hakuwa na kodi, hakuwa na askari wake. Hata hivyo alifanya kazi ambayo wafalme watatu ao wane walishindwa kuifanya.

Tuanze na inchi yenyewe. Ufalme wa Kongo ulikuwa upande wa magaribi, karibu na pale muto Kongo unapoingia katika bahari. Muji wake mukubwa, Mbanza Kongo, uko leo katika Angola, karibu na mupaka wetu. Mufalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka wa 1491, na mwana wake Afonso alieneza dini ya Kikristo katika inchi yote. Kwa hiyo wanaosema kwamba jina la Yesu liliingia Kongo pamoja na Wabelgiji wanakosea kwa miaka karibu 400. Wareno, ni kusema watu wa Portugal, waliita muji ule São Salvador, kwa heshima ya Mwokozi. Kanisa kubwa la mawe lilijengwa pale, na mwaka wa 1596 muji ukawa makao ya askofu.

Kisha shida ikaingia. Tarehe 29 Oktoba 1665, kule Mbwila, Wareno wa Luanda walipigana na Kongo, na mufalme António I akauawa pamoja na wakubwa wengi. Toka siku ile hapakuwa tena mufalme mumoja. Jamaa mbili za kifalme, Kimpanzu na Kinlaza, zilianza kushindana, kila moja na mufalme wake, kila moja juu ya mulima wake. Mwaka wa 1678 São Salvador iliharibiwa, na watu wakakimbia. Majani yakaota ndani ya makanisa.

Na tuseme wazi nani alipata faida. Kila vita ilileta wafungwa, na wafungwa waliuzwa. Walipelekwa Luanda na Loango na katika bandari zingine, wakapakiwa katika merikebu za Wareno, Waingereza, Waholandi na Wafaransa, wakaenda Brazil na visiwa vya Amerika. Wakubwa waliopigania taji walinunua bunduki kwa watu wao wenyewe. Kitu hiki kinatuumiza hata leo tukikisimulia, kwa maana katika inchi yetu tumeona vita za namna ile, ambazo wakubwa wanagombana na wadogo ndio wanaokimbia na mizigo juu ya kichwa.

Katika taabu ile Kimpa Vita alizaliwa, karibu mwaka wa 1684, upande wa mulima Kibangu. Jamaa yake ilikuwa ya wakubwa, lakini si wenye mali nyingi. Tangu utoto aliona maono. Alipokuwa kijana alifundishwa kazi ya unganga, ile ya kuponya watu na kupatanisha wanaogombana, halafu akaiacha. Aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili hazikudumu.

Mwezi wa Agosti 1704 alipatwa na ugonjwa mukali. Alikuwa na umri wa miaka karibu 20. Alisimulia kwamba alikufa, na katika kufa kwake Antonio Mutakatifu alikuja akaingia ndani yake. Antonio huyu ni yule wa Padua, aliyezaliwa Lisbon, na Wakongo walimupenda sana. Alipoamka aligawa vitu vyake vyote, akaanza kuhubiri. Tangu siku ile alisema kwamba kila siku ya tano anakufa, anapanda mbinguni kuomba kwa ajili ya Kongo, na siku ya posho anarudi.

Hakuwa wa kwanza. Mbele yake kulikuwa mama muzee, Apolonia Mafuta, aliyetoa jiwe katika muto na kuonyesha watu kwamba ni kichwa cha Kristo, kilichoumizwa na majembe ya wanawake na visu vya wanaume. Muzee huyu alitangaza kwamba Mungu atapiga inchi ikiwa mufalme hashuki mulimani na kurudi katika muji. Mapadri walitaka afungwe. Mufalme Pedro IV, aliyekaa Kibangu, akakataa. Kimpa Vita alipotokea, Mafuta alimupokea na kumushuhudia. Tunapenda sana jambo hili: nabii muzee hakumwonea kijana wivu. Katika makanisa yetu si kila siku tunaona hivyo.

Ujumbe wa Kimpa Vita ulikuwa mufupi. Wafalme waache vita, watu washuke, São Salvador ijengwe upya, Kongo iwe na mufalme mumoja. Alipeleka neno hili kwa Pedro kule Kibangu. Pedro alisikiliza, lakini hakutoka. Padri Bernardo da Gallo, Mukapusini kutoka Italia, alimuuliza maulizo mengi na kumukasirikia. Kisha mwanamuke yule akasafiri mpaka Bula, kwa mufalme mwingine, João II. João alimufukuza.

Ni hapa tunapoona ukubwa wake. Wafalme wote wawili walikuwa na askari, na kila mumoja alikuwa na sababu yake ya kungoja: akishuka, mwenzake atamupiga. Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Lakini mutu wa chini, aliyepoteza ndugu zake katika merikebu, hakuwa na wakati wa kungoja. Mwisho wa mwaka wa 1704 Kimpa Vita aliacha kuwaomba wakubwa. Alienda mwenyewe São Salvador, akaingia katika muji ule wa magofu, na watu wakamufuata kwa maelfu. Walikata majani, walijenga nyumba, walilima. Wanawake wasiozaa walikuja aombe juu yao. Hata Dona Hipólita, muke wa mufalme Pedro, alimwamini. Na kapitene mukubwa wa Pedro, Pedro Constantinho da Silva, aliyeitwa Kibenga, aliyetumwa na mufalme kuandaa kurudi kwa muji, alijiunga na nabii pamoja na watu wake. Hapo Pedro akaona kwamba muji wake unakaliwa na mutu mwingine.

Alituma wahubiri katika inchi yote, walioitwa Waantonio wadogo. Alivaa taji la nguo ya maganda ya muti wa nsanda. Aliagiza watu wachome minkisi, na pamoja nayo misalaba, kwa sababu watu waliitumikia misalaba sawa na minkisi. Alifundisha kwamba ubatizo, sala na matendo havina faida pasipo nia ya moyo, kwa maana Mungu anatazama nia. Tena alisema kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, alibatizwa Nsundi, na kwamba Kongo ina watakatifu wake weusi.

Wasomaji wetu watashituka, na sisi hatufichi. Sisi tunaamini Maandiko, na Maandiko yanasema Betelehemu ya Yudea. Hatuwezi kumufuata pale. Lakini tufikiri juu ya mutu aliyekuwa akisema hivyo. Kila sanamu aliyoiona katika kanisa ilikuwa na uso wa Muzungu, na mapadri wale wakati mwingine walinunua na kutumia watumwa kama wengine. Alitaka watu wake wajue kwamba Mwokozi hakuwapita. Neno hili la pili tunalishika kwa mikono miwili.

Inafaa pia tukumbuke kwamba hakuwa mwanamuke pekee mwenye nguvu katika inchi ile. Katika bonde la muto Mbidizi, Dona Ana Afonso de Leão alitawala Nkondo, na wakubwa wa Kinlaza walimutii yeye mpaka alipokufa mwaka wa 1710. Wakongo walizoea amri ya mwanamuke wa ukoo wa kifalme. Ile ambayo hawakuizoea ni amri ya kijana wa miaka 20 ambaye nguvu yake inatoka mbinguni tu.

Sasa tunafika kwenye neno zito. Nabii alikuwa akiishi karibu na mwanaume aliyeitwa João Barro, naye alichukua mimba. Yeye aliyehubiri usafi aliona haya. Mwanzo wa mwaka wa 1706 alitoka São Salvador kwa siri, akarudi upande wa kwao kuzaa. Watu wa mufalme walimukamata pale pamoja na Barro na mutoto wa kiume, akiwa bado ananyonya. Mbele ya mapadri hakukana kwamba mutoto ni wake.

Wandugu wamoja wanasema kwamba jambo hili linaonyesha hakuwa nabii. Sisi tunawauliza: na Daudi je? Lakini hatutaki pia kupita haraka juu ya kosa. Kama angesema ukweli mbele ya watu wake katika muji, pengine wangemulinda, kwa kuwa walikuwa maelfu. Siri ndiyo iliyomutoa kati yao na kumupeleka peke yake katika mikono ya adui.

Baraza la mufalme Pedro lilimuhukumu, na mapadri Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca wakakubali hukumu. Hakuna anayeweza kutudanganya kwamba ilikuwa juu ya mafundisho tu. Pedro alikuwa amemuacha kuhubiri karibu miaka miwili. Alimuua wakati Kibenga alipokuwa na muji na watu. Tarehe 2 Julai 1706, kule Evululu, Kimpa Vita na João Barro walichomwa moto. Mutoto alipaswa kuchomwa pamoja nao. Padri Lorenzo alimuomba mufalme, na mutoto akaokoka. Tunaandika jambo hili jema la padri yule kwa haki, ijapokuwa hatusahau mengine. Kesho yake mifupa iliyobaki ilichomwa tena, ili watu wasiichukue na kuiheshimu.

Karibu yote tunayoyajua juu yake yanatoka katika maandiko ya mapadri hawa wawili, waliomuhesabu kuwa adui. Hakuna mwanafunzi wake aliyeacha kitabu. Basi tunaposoma kwamba watu walikimbilia kugusa nguo zake, tujue kwamba anayekubali hivyo ni mutu aliyechukia kuona.

Waantonio hawakutawanyika siku ile. Walibaki na Kibenga katika São Salvador karibu miaka mitatu tena. Mwezi wa Februari 1709 Pedro alishuka na jeshi, Kibenga akauawa, na mufalme akaingia katika muji. Pedro alitawala mpaka alipokufa mwaka wa 1718, na wanahistoria wanamusifu kwamba yeye ndiye aliyerudisha umoja wa Kongo. Alikuta nyumba zimejengwa na mashamba yamelimwa. Wengi wa waliojenga na kulima waliuzwa ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 1739, katika South Carolina kule Amerika, karibu na muto Stono, watumwa waliotoka Kongo walisimama juu ya mabwana wao wakitafuta uhuru. Wanahistoria wamoja wanafikiri kwamba habari za vita hizi za Kongo zilikuwa bado katika vichwa vyao.

Leo katika Angola kuna chuo kikuu chenye jina lake, kule Uíge. Mbanza Kongo yenyewe iliandikwa mwaka wa 2017 katika urithi wa dunia, na kuta za kanisa lile la mawe, Kulumbimbi, zingali zinasimama.

Na kwetu Lubumbashi? Miaka 215 nyuma ya moto wa Evululu, mwezi wa Aprili 1921, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya kule Nkamba, naye pia akawaambia watu watupe minkisi. Wabelgiji walimuhukumu afe, kisha mufalme wao Albert akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Walimuleta hapa, katika gereza la Élisabethville, mbali kabisa na kwao, akakaa miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Mwaka wa 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba, na watu wanaenda pale kuomba. Kimpa Vita hana kaburi. Majivu yake yalibaki kule Evululu, na mutoto wake akabebwa na watu wengine.