Knud Rasmussen: Mwenye duka aliyeacha alama kwenye mipaka ya barafu

KILA viongozi wa Marekani wanapotamka kwamba wanaitaka Greenland, Denmark hujibu kuwa kisiwa hicho hakiuzwi. Ubishi huo una historia ndefu, na sehemu yake inaanzia kwenye duka dogo la kununua ngozi za mbweha lililofunguliwa mwaka 1910, kaskazini ya mbali ya kisiwa. Aliyelifungua ni Knud Rasmussen.

Alizaliwa Juni 7, 1879 katika mji ambao leo unaitwa Ilulissat, magharibi mwa Greenland. Baba yake alikuwa mchungaji kutoka Denmark, na mama yake alikuwa na damu ya Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu. Knud alikua akizungumza Kigreenland na wenzake wa mtaani, na akajifunza mapema kuendesha mkokoteni wa kuteleza unaokokotwa na mbwa. Baadaye alipelekwa Denmark kusoma, lakini moyo wake ulibaki kwenye theluji.

Mwaka 1903 alifika kwa mara ya kwanza kwa Wainuit wa kaskazini kabisa, katika eneo la Cape York. Walikuwa watu wachache, wakiishi kwa kuwinda sili, walrasi na dubu weupe. Wakati huo Denmark ilitawala makoloni ya kusini na magharibi mwa Greenland, lakini huko kaskazini haikuwa na ofisi wala askari.

Mteja aliyeachwa njiani

Aliyefanya biashara na watu hao kwa miaka mingi alikuwa Mmarekani, Robert Peary, aliyekuwa akitafuta njia ya kufika Ncha ya Kaskazini. Peary aliwaletea bunduki, risasi, visu na mbao, naye akachukua ngozi, pembe na nguvu kazi yao. Alichukua pia vimondo vya chuma ambavyo mababu wa Wainuit hao walikuwa wakivibandua vipande kwa karne nyingi ili kutengeneza ncha za mikuki na visu. Kikubwa kuliko vyote, chenye uzito wa tani zipatazo 31, kilisafirishwa kwa meli mwaka 1897. Vimondo hivyo viliuzwa kwa jumba la makumbusho la New York kwa dola 40,000.

Mwaka 1909 Peary alifanya safari yake ya mwisho na hakurudi tena. Wainuit walikuwa wamezoea kuwinda kwa bunduki, na sasa hapakuwa na wa kuwaletea risasi. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaijua hali hiyo: njia ya bidhaa ikifungwa ghafla, anayeumia kwanza ni yule aliyekwisha kuacha njia yake ya zamani.

Rasmussen aliona hatari hiyo, na pia nafasi ya biashara. Aliitaka serikali ya Denmark ifungue kituo huko, lakini serikali ilisita. Akatafuta fedha kwa watu binafsi, na mwaka 1910, pamoja na rafiki yake Peter Freuchen, akafungua kituo katika ghuba ya North Star. Alikiita Thule, jina ambalo waandishi wa kale wa Ulaya walilitumia kwa nchi ya mwisho wa dunia.

Faida ya ngozi

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kueleweka. Wawindaji walileta ngozi za mbweha, ambazo wakati huo zilikuwa na soko zuri Ulaya. Wakaondoka na bunduki, risasi, vyombo vya chuma, mbao, kahawa na tumbaku. Faida ilitumika kulipia safari za utafiti zilizobeba jina la duka hilo. Kati ya mwaka 1912 na 1933 zilifanyika saba.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ya tano, iliyoanza mwaka 1921. Baada ya utafiti wa muda mrefu kaskazini mwa Kanada, Rasmussen aliondoka Machi 1923 na wenyeji wawili wa Thule, kijana Qaavigarsuaq na mwanamke Arnarulunguaq. Kwa mikokoteni ya mbwa walivuka pwani yote ya Aktiki hadi Alaska, wakafika mwaka 1924. Kila walikopiga kambi, Rasmussen alizungumza na wenyeji kwa lugha aliyojifunza utotoni. Lafudhi ilibadilika, lakini walielewana. Akathibitisha kuwa kuanzia Greenland hadi Alaska waliishi watu wa asili moja, ingawa ramani ziliwagawa kwa nchi tatu.

Alitaka kumalizia na Wainuit wa Siberia. Akavuka mlango wa bahari wa Bering, lakini maofisa wa Urusi ya Kisovieti walimrudisha kwa kuwa hakuwa na kibali. Mtu aliyepita maelfu ya kilomita bila kuulizwa hati alikwamia mpakani.

Ugomvi wa malisho na bendera

Kabla ya hapo, duka lake lilikuwa limekwisha kuzua mgogoro wa nchi na nchi. Wawindaji wa Thule walizoea kuvuka bahari iliyoganda hadi kisiwa cha Ellesmere, kuwinda wanyama wakubwa wenye manyoya marefu wanaofanana na nyati. Kanada ililalamika kwamba wanyama hao wanamalizwa, na ikaiomba Denmark iwazuie watu wake. Rasmussen alijibu mwaka 1920 kuwa huko hapakuwa na mamlaka yoyote isipokuwa ya kituo chake. Kanada ilishtuka. Mwaka 1922 ikapeleka meli na kuweka polisi Craig Harbour, kusini mwa Ellesmere, ili ionekane kuwa kisiwa kina mwenyewe.

Marekani nayo ilikuwa imetangaza mwaka 1916, iliponunua visiwa vya Denmark katika Karibi, kwamba haitapinga Denmark kuitawala Greenland yote. Norway haikukubali. Mwaka 1931 ilitangaza kuchukua sehemu ya mashariki, ambako raia wake walitega mbweha na kuwinda sili. Kesi ilikwenda katika mahakama ya kimataifa mjini The Hague, na Aprili 5, 1933 Denmark ikashinda. Katika miaka hiyo ya mvutano, Rasmussen alikuwa pwani ya kusini-mashariki akiongoza safari za sita na saba, akichora ramani.

Huko aliugua kwa sumu ya chakula, kisha mapafu yakashambuliwa. Alifariki Denmark Desemba 21, 1933 akiwa na miaka 54. Alikuwa ameiachia Thule baraza la wawindaji na sheria za mwaka 1929, zilizoweka miiko ya uwindaji ili wanyama wasiishe. Mwaka 1937 serikali ya Denmark ilichukua kituo.

Wenye nchi hawakuulizwa

Hapo ndipo hesabu ya duka hilo inapokuwa chungu. Kituo kilichofunguliwa ili wawindaji wasikose risasi kiliisaidia Denmark kushika eneo ambalo baadaye iliruhusu Marekani itumie kijeshi. Kambi kubwa ya ndege ilijengwa Thule kuanzia mwaka 1951, na mwaka 1953 wakazi walihamishwa kwa haraka kwenda Qaanaaq, zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Ilichukua hadi mwaka 1999 mahakama ya Denmark kuamua walipwe fidia.

Leo ugomvi umerudi kwa sababu barafu inapungua. Bahari iliyokuwa barabara ya mikokoteni inachelewa kuganda na kuwahi kuvunjika, na wawindaji wa Qaanaaq wana muda mfupi zaidi wa kutafuta riziki. Njia ya kaskazini mwa Kanada, ambayo Rasmussen aliifuata na mbwa, mwaka 2016 ilipitwa na meli ya kitalii yenye abiria zaidi ya 1,000. Kusini mwa Greenland kampuni zinatafuta madini adimu, ingawa bunge la kisiwa lilipiga marufuku uchimbaji wa urani mwaka 2021.

Jambo moja limekwenda tofauti. Katika mlango wa bahari ambao wawindaji wa Thule walivuka kwenda Ellesmere kuna kisiwa kidogo cha mawe, Tartupaluk, ambacho Kanada na Denmark walikigombea kwa miongo kadhaa. Juni 14, 2022 walikubaliana kukigawana. Mpaka umepita katikati, na Wainuit wa pande zote mbili wamehakikishiwa kuendelea kuvuka kama zamani.