Siti binti Saad (1880–1950): Mwimbaji wa Wanyonge na Urithi Wake katika Pwani ya Tanga

Mtafiti wa lugha anayechunguza majina ya watu wa pwani hawezi kulipita jina la Siti binti Saad bila kutua. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililobeba hali ya nasaba yake. Alipofariki mwaka 1950 alijulikana kwa jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Makala haya yanafuata safari iliyopo baina ya majina hayo mawili. Yanadai kwamba heshima hiyo haikutokana na uzuri wa sauti peke yake, bali pia na huduma ambayo sauti hiyo iliwapa watu wasiokuwa na msemaji.

Wazazi wake walizaliwa Unguja, lakini asili yao ilikuwa bara: baba alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua wa upande wa Tanga. Kwa hiyo, kwa upande wa mama, Siti ni mtoto wa Mrima wa kaskazini. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Baba alikuwa mkulima na mama mfinyanzi, na binti akarithi kazi ya mama. Alifinyanga vyungu, akavibeba na kwenda kuvitembeza mjini. Shule hakuiona. Mwaka 1911 alihamia mjini kutafuta maisha, na huko ndiko alikokutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfunza uimbaji.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa. Iliingia kupitia jumba la Sultani, ikaimbwa kwa Kiarabu, na kikundi mashuhuri cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Siti aliimba taarabu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Ng'ambo, mtaa wa maskini na wa watu waliotoka utumwani. Tendo hilo lina uzito wa kiisimu. Lugha iliyokuwa ya jikoni na sokoni ilipandishwa jukwaani mbele ya mabwana wenyewe, nao wakaisikiliza. Mwaka 1928 Siti na wenzake, akiwamo Subeti bin Ambari, walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Kufikia mwaka 1931 santuri zao zaidi ya 70,000 zilikuwa zimeuzwa, na Kiswahili chake kikasikika kote pwani, hata kwa msikilizaji asiyejua kusoma.

Hata hivyo, umaarufu haukumtenga na watu wake. Aliendelea kuishi Ng'ambo, na nyumba yake ikawa baraza la majirani waliokuja kusikiliza nyimbo na kujadili mambo ya siku. Nyimbo nyingi zilitokana na matukio ya kweli. Zilisimulia makarani walioiba fedha za wasiojua kusoma, na wanaume waliowadhulumu wanawake. Maarufu zaidi ni wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji alitoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakaadhibiwa wao. Mahakama ya kikoloni ilipofunga faili, wimbo uliendelea kuitoa hukumu hiyo makosa. Huu ndio wema ambao makala haya yanauzingatia: si sadaka ya fedha, bali ni kuwapa wanyonge kumbukumbu ambayo hakuna karani aliyeweza kuifuta.

Mtu aliyeihifadhi kumbukumbu ya Siti mwenyewe alitoka Tanga. Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Vibambani, aliandika wasifu wake, ambao ulichapishwa mwaka 1958. Kwa kuchagua maisha ya mfinyanzi badala ya maisha ya mtawala, alipanua mipaka ya fani ya wasifu katika Kiswahili. Ni kweli kwamba alimchora zaidi kama kielelezo cha uadilifu na juhudi. Watafiti wa baadaye, hususan Laura Fair, waliwasikiliza wazee wa Ng'ambo na kuuweka wazi zaidi upande wa malalamiko ya kijamii. Picha hizi mbili hazipingani, kwani kila moja inaikamilisha nyenzake.

Mji wa Tanga nao uliiendeleza taarabu ya Kiswahili. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa ya umeme, na mwimbaji wao Shakila Said akapata umaarufu Afrika Mashariki nzima. Njia aliyopita mwanamke huyu wa Tanga ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Siti.

Baada ya kuundwa mwaka 1987, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Uteuzi huo ulikuwa sahihi. Mtoto aliyeitwa Mtumwa alikuwa amekwisha kuwa jina ambalo wengine walilitumia kudai haki zao.