Aga Khan wa Tatu na farasi wake

Likitajwa jina la Aga Khan hapa Mombasa, watu hukumbuka hospitali, shule na msikiti. Likitajwa mbele ya wazee wa Kiingereza waliozeekea katika viwanja vya mbio, wao hukumbuka farasi. Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu, Imamu wa Waismailia kwa muda wa miaka 72, alishinda mbio za Derby mara tano: mwaka 1930, 1935, 1936, 1948 na 1952. Wako matajiri waliotumia umri wao wote na mali zao wasiipate hata mara moja.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Babu yake, aliyetoka Uajemi na kuweka makao Bombay, alikuwa mpenzi mkubwa wa farasi wa Kiarabu. Baba yake alifariki mwaka 1885, na mtoto huyo akaurithi uimamu kabla hajatimiza miaka minane. Mama yake, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, ndiye aliyesimamia mali na masomo ya mwanawe. Alimchagulia walimu wakali, naye akakua akijua Kiarabu, Kiajemi, Kiingereza na Kifaransa. Basi farasi hakuwaokota Ulaya, kama wengi wanavyodhani. Alitoka nao nyumbani.

Hapa msomaji huenda akauliza: kiongozi wa dini na mbio za farasi, wapi na wapi? Jibu si gumu kwa aliyesoma. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliamrisha farasi washindanishwe Madina, na wanachuoni wameruhusu zawadi kwa mshindi wa mbio hizo. Kilichoharamishwa ni kamari. Lakini lazima tuseme kweli, kwamba uwanja wa Kiingereza usio na wachukua dau haujapata kuonekana, na kwa sababu hiyo Waislamu wengi, wa Bara Hindi na wa kwetu, hawakupendezwa kumwona kiongozi mkubwa kama yeye akishangiliwa mahali pale. Lawama hiyo ina uzito wake. Anayewapenda farasi na aende na macho yake, mfuko auache nyumbani.

Kazi yake kubwa ya farasi huko Ulaya aliianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Alimtafuta George Lambton, Mwingereza aliyesifika kwa jicho la kuchagua farasi wachanga, akamtuma mnadani. Mwaka 1922, katika mnada wa Doncaster, alinunuliwa farasi jike wa kijivu kwa gini 9,100, bei iliyowashangaza watu siku zile. Jina lake Mumtaz Mahal. Alikuwa na mbio za ajabu, lakini za masafa mafupi. Akizidishiwa mwendo pumzi zilimwishia. Wajuzi wakasema hapo hapatatoka mshindi wa Derby. Neno hili tulikumbuke.

Mwaka 1930 Aga Khan aliingiza farasi wawili katika Derby. Watu wote walimtazama Rustom Pasha, naye akashindwa, na yule wa pili, Blenheim, ambaye hakutazamiwa, akawapita wote. Miaka mitano baadaye akaja Bahram. Huyu alikuwa mvivu, hakimbii zaidi ya inavyombidi, lakini alishindana mara tisa na mara tisa akashinda. Mwaka 1935 alitwaa mbio tatu kubwa za Uingereza kwa farasi wa miaka mitatu, za Newmarket, Epsom na Doncaster. Kabla ya ile ya mwisho joki wake, Freddie Fox, aliumia kwa kuanguka, na Charlie Smirke akapanda badala yake.

Mwaka 1936 mambo yalikuwa yale yale ya Blenheim. Farasi wake zaidi ya mmoja walikuwa uwanjani, na mashabiki walimtegemea Taj Akbar kwa kuwa aliyempanda alikuwa Gordon Richards, joki aliyetajika kuliko wote. Mwingine alikuwa Mahmoud, wa kijivu, mwili mdogo, mwana wa Blenheim na mjukuu wa yule Mumtaz Mahal aliyesemwa kuwa hana pumzi. Uwanja wa Epsom si tambarare. Farasi hupanda kilima, huzunguka, kisha huteremka kwenye kona kali ya mkono wa kushoto kabla ya kunyooka kuelekea mwisho, masafa ya maili moja na nusu. Siku hiyo ardhi ilikuwa kavu na ngumu, na miguu miepesi ya Mahmoud ilikuwa kama haikanyagi chini. Alimaliza kwa dakika mbili na sekunde 33.8, na Taj Akbar akaja nyuma yake. Hakuna aliyepata kuikimbia Derby kwa upesi kama huo, na hesabu hiyo ilidumu miaka 59.

Mzee wa leo anayetaka kuiona Epsom, Derby hukimbizwa mwanzo wa Juni, na kwa desturi ya tangu zamani watu wa kawaida hukaa juu ya kile kilima cha katikati. Mbio za Doncaster ni Septemba, na zile za Longchamp, Paris, alizozishinda Aga Khan mwaka 1948 kwa farasi Migoli na tena mwaka 1952, ni mwanzo wa Oktoba. Asiyetaka baridi ana Dubai, ambako tangu mwaka 1996 hufanywa mashindano makubwa kila mwaka.

Tusisahau yaliyotufikia sisi. Mwaka 1937, kwa sherehe ya miaka 50 ya uimamu wake, ilianzishwa hapa Mombasa kampuni ya bima ya Jubilee. Mwaka 1945, hapa hapa Mombasa, alianzisha chama cha East African Muslim Welfare Society, ambacho hakikuwa cha Waismailia peke yao. Kilijenga misikiti na shule kwa ajili ya Waislamu Waafrika. Mwaka 1946 alipimwa kwa almasi Bombay, ratili 243 na nusu, na Agosti akapimwa tena Dar es Salaam, na fedha zikarudishwa katika maendeleo ya wafuasi wake. Kisha ikaja ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo yeye na Sultani wa Unguja walikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za kuijenga. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kwa Waingereza jina lake lilichafuka kidogo wakati wa vita. Alikuwa Uswisi, mali yake nyingi imefungiwa Ufaransa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 akawauza Bahram na Mahmoud kwa Wamarekani. Mahmoud alikwenda kwa paundi 20,000 tu. Blenheim alikwisha uzwa huko tangu mwaka 1936. Kelele zilikuwa kubwa, kwamba amewanyang'anya Waingereza mbegu yao bora wakati wa dhiki. Haya, lakini farasi walikuwa wake.

Alifariki tarehe 11 Julai 1957 huko Versoix, karibu na Geneva, akazikwa Aswan, ng'ambo ya mto Nile.

Huko Marekani Mahmoud alizaa farasi jike aliyeitwa Almahmoud. Huyo akamzaa Natalma, na Natalma akamzaa Northern Dancer, dume aliyeeneza kizazi chake duniani kote kuliko karibu farasi yeyote wa zama zake. Mwana wa Northern Dancer, Nijinsky, akamzaa Lammtarra, mali ya mwanamfalme wa Dubai, Saeed bin Maktoum. Mwaka 1995 Lammtarra aliikimbia Derby ya Epsom kwa dakika mbili na sekunde 32.31, akaivunja ile hesabu ya mwaka 1936 iliyowekwa na Mahmoud, babu wa babu zake.