Paul Robeson: Jagina Aliyesalitiwa na Sinema

Filamu ya Black Panther ilipotoka mwezi Februari mwaka wa 2018, Kisumu ikiwa miongoni mwa miji iliyoipokea kwa shangwe kuu, na miezi michache baadaye Avengers: Infinity War ikaleta kikosi kizima cha majagina kupigana katika nchi hiyo ya kubuni iitwayo Wakanda, wanafunzi hapa Machakos hawakuwa na gumzo jingine. Mimi, ambaye kazi yangu ni isimu, nilivutiwa zaidi na swali moja walilolizusha: mbona Wakanda, ambayo aghalabu huwekwa upande huu wetu wa Afrika Mashariki, huzungumza Kixhosa? Jibu ni kwamba mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini, alipocheza nafasi ya Mfalme T'Chaka katika filamu iliyotangulia ya mwaka wa 2016, alipendekeza lugha yake mwenyewe itumiwe, na wenye filamu wakakubali. Mwigizaji alisema, naye akasikilizwa. Jambo hilo si dogo hata kidogo. Miaka themanini kabla yake, mwigizaji mwingine mweusi mwenye sifa duniani kote, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kwa hiari yake, aliingia studio akiwa na matumaini hayo hayo akatoka ameaibishwa. Jina lake ni Paul Robeson, na ninasikitika kwamba vijana wetu wengi hawamjui.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alizaliwa utumwani huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana, na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake, mwalimu kwa kazi, aliaga dunia mwaka wa 1904 kwa majeraha ya moto wa nyumbani, Paul akiwa hajatimiza miaka 6. Mwaka wa 1915 alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, chuo ambacho kilikuwa kimewahi kupokea Waafrika-Wamarekani wawili tu kabla yake. Huko akawa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa kiwango cha taifa, na mwaka wa 1919 akahitimu akiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa. (Nawaomba wale wanafunzi wanaodhani kwamba michezo na masomo ni mahasimu waisome sentensi hiyo mara mbili.) Alisomea sheria Columbia, akafuzu mwaka wa 1923, lakini katika ofisi alikoajiriwa karani mweupe alikataa kuandika maneno yaliyosemwa na mtu mweusi. Robeson akaiacha sheria.

Sheria ikapoteza, sanaa ikafaidi. Jukwaa lilimpokea, na sauti yake nzito ya besi ikamfanya mashuhuri Marekani na Ulaya kupitia nyimbo za kiroho za watumwa. Mwaka wa 1930 alicheza Othello jijini London. Aliporudia nafasi hiyo Broadway kuanzia mwaka wa 1943, mchezo huo ulionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia huko.

Lakini kipindi kinachotuhusu sisi ni kile cha London, kuanzia mwaka wa 1933. Robeson alijisajili kusoma lugha za Kiafrika katika Chuo cha Taaluma za Mashariki, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Tuzingatie kwamba huyu alikuwa mtu wa miaka 35 hivi, tajiri, anayetafutwa na kila ukumbi, asiyelazimika kukaa darasani kujifunza ngeli. Alifanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba muziki wa babu zake na lugha za Afrika vina mzizi mmoja, na kwamba mtu aliyenyang'anywa lugha hana budi kuitafuta. Katika jiji hilo hilo alikuwako Mkenya mmoja, Johnstone Kenyatta, ambaye sisi tulimjua baadaye kama Jomo. Kenyatta alikuwa akijipatia riziki katika idara ya fonetiki ya University College, akitamka maneno ya Kikuyu ili mtaalamu Lilias Armstrong ayaandike. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka wa 1940, Armstrong akiwa amekwisha kufariki, na hata leo mtu anayetafiti toni za Kikuyu huanzia hapo.

Watu hawa wawili, mmoja akijifunza lugha ya Afrika na mwingine akiiuza sauti yake kwa sayansi, walikutana katika filamu moja. Alexander Korda, mtayarishaji mashuhuri wa Uingereza, alikuwa akitengeneza Sanders of the River kutokana na hadithi za Edgar Wallace, kwa gharama kubwa mno kwa wakati huo. Ndugu yake Zoltan alikaa Afrika kwa miezi kadhaa akipiga picha za ngoma, mito na mitumbwi. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Shepperton, karibu na London, na Waafrika waliokuwa wakiishi katika miji ya bandari ya Uingereza wakaajiriwa kujaza kijiji hicho. Kenyatta alipewa nafasi ndogo ya chifu. Robeson alikuwa Bosambo, shujaa wa hadithi. Alikubali kwa sababu aliamini kwamba dunia, kwa mara ya kwanza, ingeuona utamaduni wa Mwafrika ukiheshimiwa.

Filamu ilipotoka mwaka wa 1935 ilikuwa kitu kingine. Ilianza kwa kuwasifu wazungu wachache waliosemekana kulinda amani ya mfalme miongoni mwa mamilioni ya weusi, na Bosambo akawa kibaraka mwaminifu anayemnyenyekea Bwana Sanders. Hata nyimbo zake zilitungwa na Mischa Spoliansky, Mzungu aliyezaliwa katika himaya ya Urusi. Ngoma za watu mbalimbali zilichanganywa kana kwamba bara zima ni kabila moja. Inasimuliwa kwamba siku ya uzinduzi Robeson alitoka ukumbini kwa hasira.

Watazamaji wa Uingereza waliipenda, nayo ikaleta faida. Watu weusi waliosoma hawakuipenda. Marcus Garvey alimshambulia Robeson katika gazeti lake, na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria akaikosoa filamu hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1937. Wanakijiji wetu hawakuulizwa lolote. Mwaka huo huo wa 1935 mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika ulianzishwa Vugiri, Tanganyika, nao ulikusudia kuwafundisha kilimo na usafi. Mzungu aliburudishwa kwa picha ya Mwafrika. Mwafrika akaonyeshwa namna ya kulima.

Je, Robeson alaumiwe? Wapo wanaosema kwamba alidanganywa, kwani mwigizaji haoni mkasi wa mhariri. Mimi naona kwamba hoja hiyo inamtetea nusu tu. Hadithi za Wallace zilikuwa zimechapishwa tangu mwaka wa 1911, na yeyote aliyezisoma alijua Sanders ni nani. Alichokosa si elimu, bali mamlaka juu ya kazi yake, na hilo alilitambua. Alianza kudai usemi juu ya filamu zake, na baada ya filamu ya mwaka wa 1942 iliyomkera vivyo hivyo aliachana na Hollywood kabisa.

Aliyoyafanya baadaye yanamfidia kwa wingi. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, ambalo wakati wa Hali ya Hatari lilichangisha msaada kwa ajili ya Wakenya, huku yule chifu wa filamu akiwa kifungoni. Mwaka wa 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake. Mwaka wa 1957 aliwaimbia wachimba migodi wa Wales kupitia waya wa simu akiwa New York. Pasipoti hakuipata hadi mwaka wa 1958. Sifichi kwamba alikaa kimya kuhusu maovu ya Stalin, hata pale marafiki zake Wayahudi wa Urusi walipouawa. Mtu aliyekuwa na sauti kubwa kiasi hicho alistahili kuitumia hapo pia.

Afya yake ilidhoofika, akaishi miaka ya mwisho faraghani kwa dada yake huko Philadelphia, ambako alifariki tarehe 23 Januari 1976 akiwa na miaka 77. Maelfu walisimama mvuani Harlem kumuaga, katika kanisa ambalo ndugu yake Benjamin alikuwa amelichunga kwa miaka mingi.