Herbert Chapman: Mchezaji wa Kawaida Aliyeijenga Upya Kandanda ya Uingereza

Wahenga walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Maisha ya Herbert Chapman, hata hivyo, yanatulazimu kuitazama methali hii kwa jicho jipya. Asubuhi yake uwanjani haikuwa na nyota ya kutajika, kwani alikuwa mchezaji wa kawaida aliyehamahama kutoka klabu moja hadi nyingine. Adhuhuri yake nayo ilifunikwa na wingu la marufuku ya maisha. Licha ya hayo, alipofariki mwaka wa 1934 alikuwa miongoni mwa mameneja walioheshimiwa mno nchini Uingereza. Makala haya yanasimulia safari hiyo, na kuuliza ni kipi alichokuwa nacho mtu huyu ambacho miguu yake haikukidhihirisha.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Januari 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, Yorkshire, akiwa mwana wa mchimba makaa ya mawe. Katika vijiji vya aina hiyo, mtoto wa kiume alitarajiwa kumfuata babake shimoni. Chapman alisomea uhandisi wa migodi mjini Sheffield, na taaluma hiyo ikamwezesha kucheza kandanda kwa miaka kadhaa bila kuitegemea kwa riziki yake yote. Katika familia yao, mwenye kipaji alikuwa nduguye, Harry, aliyetwaa ubingwa wa ligi na Sheffield Wednesday mwaka wa 1903 na 1904, kisha Kombe la FA mwaka wa 1907. Herbert alipitia Grimsby, Swindon, Northampton, Sheffield United, Notts County na hatimaye Tottenham. Alikumbukwa zaidi kwa bidii yake na kwa viatu vyake vya rangi ya manjano kuliko kwa mabao.

Mwaka wa 1907 alirejea Northampton akiwa mchezaji na meneja kwa wakati mmoja. Klabu hiyo ilikuwa imeshika mkia katika Ligi ya Kusini. Enzi hizo mameneja wengi walikuwa makarani wa kuandika barua na kulipa mishahara. Wachezaji walijipangia mambo yao wenyewe uwanjani. Chapman aliketi na wachezaji, akawasikiliza, kisha akawapangia mbinu. Aliona kwamba timu inaweza kushambulia kupita kiasi, na kwamba kurudi nyuma kwa makusudi humvuta mpinzani mbele na kufungua mianya nyuma yake. Mwaka wa 1909 Northampton ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo.

Ni huko pia ambako, mwaka wa 1911, alimsajili Walter Tull kutoka Tottenham. Tull alikuwa yatima aliyelelewa katika kituo cha watoto jijini London, na babake alikuwa mzawa wa Barbados, kisiwa ambacho mababu zake walikuwa watumwa. Baada ya kutukanwa na mashabiki kwa sababu ya rangi yake mwaka wa 1909, Tull alikuwa ameishia kuchezea kikosi cha akiba. Chini ya Chapman alipata nafasi, na akaichezea Northampton zaidi ya mechi 100, kabla ya kuwa afisa wa jeshi na kuuawa vitani nchini Ufaransa mwaka wa 1918.

Mwaka wa 1912 Chapman alihamia Leeds City. Aliiokota klabu iliyokuwa hoi katika Daraja la Pili, na kufikia mwaka wa 1914 ilikuwa imemaliza katika nafasi ya nne. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alienda kusimamia kiwanda cha silaha cha Barnbow. Mnamo Oktoba 1919, Leeds City ilishtakiwa kwamba iliwalipa wachezaji kinyume cha kanuni wakati wa vita. Wakuu wa klabu walikataa kutoa vitabu vya hesabu. Klabu ikafukuzwa katika ligi, wachezaji wakapigwa mnada hotelini, na Chapman akawa miongoni mwa waliopigwa marufuku maishani. Alienda kufanya kazi kiwandani mjini Selby. Alikata rufaa kwa hoja kwamba alikuwa Barnbow wakati makosa yalipodaiwa kutendeka, na marufuku ikaondolewa. Kwa vile vitabu havikufunguliwa, doa hilo halikuthibitishwa wala kufutwa kabisa.

Huddersfield Town ndiyo iliyomrudisha uwanjani mwaka wa 1921. Mwaka uliofuata ilitwaa Kombe la FA kwa kuilaza Preston 1-0 kwa mkwaju wa penalti. Kisha ikaja ligi ya 1923-24, iliyoamuliwa kwa unywele. Huddersfield na Cardiff City zilimaliza zikiwa na alama 57 kila moja. Cardiff ilikuwa imefunga mabao 61 na kufungwa 34. Huddersfield ilikuwa imefunga 60 na kufungwa 33. Kwa kuwa wakati huo mabao ya kufunga yaligawanywa kwa mabao ya kufungwa, Huddersfield ikawa bingwa ingawa ilikuwa na bao moja pungufu. Msimu uliofuata ilitetea taji hilo bila kufungwa zaidi ya mabao mawili katika mechi yoyote.

Mnamo 1925 Arsenal, iliyokuwa imemaliza ya 20, ilitangaza nafasi ya meneja. Mwenyekiti wake, Henry Norris, alitaka mtu asiyetegemea kununua wachezaji kwa bei ghali. Chapman aliajiriwa kwa pauni 2,000 kwa mwaka, na baadaye akafanya kinyume cha tangazo hilo. Mwaka wa 1928 alimnunua David Jack kwa pauni 10,890, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa.

Mwaka huohuo wa 1925 kanuni ya kuotea ilibadilishwa. Awali mshambulizi alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa lango. Sasa wawili walitosha. Mabao yakamiminika. Mnamo Oktoba Arsenal ilicharazwa 7-0 na Newcastle. Mchezaji wake, Charlie Buchan, alishikilia kwamba kiungo wa kati arudishwe nyuma awe mlinzi wa tatu. Chapman alikubali, akamrudisha pia mshambulizi mmoja ili kuziba pengo la katikati. Hatua kwa hatua ukazaliwa mpangilio uliofanana na herufi W na M, uliotawala kandanda kwa miaka mingi. Wazo la kwanza halikuwa lake. Lake lilikuwa sikio la kulisikia, na ustadi wa kuwatafuta watu wa kulitimiza: Alex James, Cliff Bastin, Eddie Hapgood. Kombe la FA lilikuja mwaka wa 1930, dhidi ya Huddersfield yenyewe. Ubingwa wa ligi ulifuata mwaka wa 1931, kwa mabao 127, na tena mwaka wa 1933.

Macho yake yalivuka mipaka ya uwanja. Alijaribu nambari mgongoni mwaka wa 1928, miaka 11 kabla ya ligi kuziidhinisha. Alipigania taa za mechi za usiku, mikono meupe kwenye jezi nyekundu, na stesheni ya treni ya Gillespie Road ikaitwa Arsenal mwaka wa 1932.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Arsenal iliposhindwa na klabu ndogo ya Walsall mnamo Januari 1933, kijana Tommy Black, aliyesababisha penalti, aliuzwa baada ya siku chache tu. Sikio lililomsikiliza Buchan halikumsikiliza Black.

Mwanzoni mwa Januari 1934 Chapman alikuwa na mafua. Daktari alimshauri apumzike, lakini alienda kuitazama timu ya tatu ikicheza. Nimonia ilimuua tarehe 6 Januari, akiwa na umri wa miaka 55. Arsenal ilitwaa ligi mwaka huo na uliofuata, ikatimiza mataji matatu mfululizo, sawa na Huddersfield ilivyokuwa imefanya mwaka wa 1926 baada ya yeye kuondoka. Katika klabu zote mbili taji la tatu lilipatikana bila yeye kuwepo. Mashabiki wa Arsenal, ambao ni wengi hapa Kenya, huvaa jezi ya mikono meupe pasi na kumjua aliyeibuni. Ni vyema tumjue, mafanikio na dosari zake pamoja, ili tusimhukumu mtu kwa asubuhi yake pekee.